Bahasha ya Kochi la Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na daftari hili limeanza nayo. Silitaki. Binti yangu ndiye aliyesema niandike chochote kila nikipata nafasi, "mkono ulegee, Mama," kwa sababu kuanzia Jumanne ijayo natakiwa kuandika blogu. Mimi, fundi wa makochi, mjane wa miaka hamsini na tisa, ambaye barua ndefu ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kumkubali marehemu mume wangu.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikasahau niliingiaje kwenye mtego huu. Jana mwanangu wa kwanza alipiga simu. Akasema karakana imepooza, watu siku hizi wananunua makochi mapya ya dukani, mimi nimechoka, na kwake kuna chumba chenye dirisha kubwa. "Funga, Mama. Kazi uliyofanya inatosha." Hayo amekuwa akiyasema tangu baba yake afariki, miaka minne sasa. Lakini jana alikuwa ameshazungumza na mtu anayetaka kupanga jengo. Nikapandisha sauti, naye akapandisha.

Binti yangu, ambaye kazi yake ni kutengenezea watu tovuti, akaingia kati kama refa. Mama aandike blogu ya karakana kila Jumanne kwa majuma kumi na mawili, mpaka mvua ziishe. Mlangoni tuweke daftari jingine, kila mteja mpya aandike alitusikia wapi. Wakifika kumi walioandika "blogu" kabla Mei haijaisha, kaka mtu atanyamaza na habari ya kufunga haitatajwa tena. Wasipofika, nafunga na kuhamia kwenye dirisha kubwa.

Nikasema sawa. Nilisema kwa hasira, na hasira ni hasara.

Jumatano, 6 Machi

Mbao zimevimba, droo ya misumari haifunguki. Nimeandika mstari mmoja wa blogu na kuufuta.

Jumanne, 12 Machi

Ya kwanza imetoka. Imenila jioni tatu mezani, mgongo umeniuma kuliko siku ya kubeba kabati. Inaanza hivi: "Karakana yetu yenye uzoefu wa miaka mingi inajivunia kutoa huduma bora za ukarabati wa samani kwa wateja wetu wapendwa."

Nilimsomea fundi seremala wangu, ambaye mume wangu alimpa jina la Taratibu kwa kuwa hajawahi kuharakishwa na binadamu. Alisikiliza mpaka mwisho, randa mkononi, uso umemwiva kwa heshima. Kisha akauliza, "Nani kafa?"

Nikamwambia afanye kazi yake.

Jumatano, 13 Machi

Waliosoma, inavyoonyesha chini ya blogu, ni kumi na mmoja. Tisa ni ndugu. Wawili waliobaki ni mimi, nilipofungua mara mbili.

Jumanne, 19 Machi

"Faida Tano za Kukarabati Kochi Lako." Nilizipata tatu, mbili nikalazimisha. Binti yangu akapiga simu.

"Mama, hata mimi sikuimaliza."

"Wewe si ndiye uliyesema niandike?"

"Nilisema uandike wewe. Huyu aliyeandika simjui. Wewe ukitusimulia ulivyogombana na muuza kitambaa tunashika mbavu. Ukishika kalamu unavaa tai."

Nimenuna mchana kutwa. Kinachouma ni kwamba amesema kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Paa limevuja juu ya sponji. Kutwa nzima tunakamua.

Jumanne, 26 Machi

Hapa kwetu kochi halitoki mlangoni mpaka mtu alikalie nusu saa kamili. Mume wangu aliiweka sheria hiyo kabla sijaolewa. Alikuwa akisema springi mbovu haisemi papo hapo, inasubiri mkaaji atulie, ajisahau, ndipo ilie. Kwa hiyo kochi likiisha mmoja wetu hukaa, asiguse nyundo wala cherehani, asikilize tu. Miaka yote zamu ikiniangukia nimekaa kama mtu aliyefungiwa kituoni, natazama saa ya ukutani.

Leo Taratibu alikuwa na gundi mpaka kwenye viwiko, nikakaa mimi. Lilikuwa kochi la watu watatu, la kinyozi wa mtaa wa pili. Ilikuwa Jumanne na blogu sina. Nikatoa simu, nikaanza kuandika kwa kidole kimoja kile nilichokuwa nakisikia: bati na mvua, randa ya Taratibu, springi ya kushoto inayopumua kama mtu anayejizuia kukohoa. Nikaandika kwamba upande wa kushoto wa kochi la kinyozi ndio anaokalia mteja anayesubiri zamu, na anayesubiri hatulii, ndiyo maana springi za upande ule hufa mapema. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo, nilikuwa nalijua tu, na sikujua kuwa nalijua mpaka kidole kilipoliandika.

Taratibu aliniita mara mbili ndipo nikasikia kuwa nusu saa imepita. Niliituma bila kuisoma tena. Baadaye binti yangu akanijibu maneno mawili: "Huyu namjua."

Jumanne, 2 Aprili

Mteja ameingia na maji mpaka magotini, akaandika "blogu" kwenye daftari la mlangoni. Mama mwenye hoteli ndogo, kinyozi alimwonyesha. Alitaka kujua kama kweli naweza kumtambua mkaaji kwa kuangalia kochi. Nililitazama kochi la mapokezi alilokuja nalo, nikamwambia mlinzi wake wa usiku analilalia, kichwa kikielekea dirishani. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Naona mlinzi ana kesi ya kujibu.

Siandiki tena mezani. Naandika nikiwa nimekalia kochi lililoisha, na saa ikigonga nusu naacha, hata kama sentensi iko katikati. Nikiacha na hamu, juma zima naitafuta Jumanne mwenyewe. Sasa nikishona vitambaa vya makochi najikuta natabasamu peke yangu, na Taratibu ananiangalia kwa wasiwasi.

Ijumaa, 5 Aprili

Jua la muda wa saa mbili tu. Tulitoa sponji zote nje, mvua ikaturudisha nazo mbio.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeandika kwa nini mikono ya kochi huchakaa kabla ya kiti. Wamesoma arobaini. Waliotoka kwenye blogu mpaka leo ni watatu, na zimebaki Jumanne saba. Nimeanza kuhesabu, na nikihesabu, nusu saa yenyewe inakuwa ndefu.

Mke wa Mwalimu ameleta kochi la kijani. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya pale mtaani, amesomesha nusu ya watu ninaowajua. Kochi ni la mtu mmoja, na mkono wake wa kulia una alama ya pasi iliyounguza kitambaa. Mama huyo anasema mzee amekuwa na kizunguzungu, wamempeleka kwa mtoto wao apumzike kidogo, na anataka akirudi alikute kochi lake jipya. "Hajui kama nimelitoa. Angekuwepo asingekubali, hata kufagia chini yake huwa ugomvi."

Jumatatu, 15 Aprili

Leo tumelivua kochi la kijani.

Nieleze habari ya bahasha kwanza. Ukilivua kochi lolote hutoka vitu: kalamu, vifungo, hereni moja, picha, jino. Sheria ya pili ya mume wangu ilikuwa kwamba kilichomo kwenye kochi ni cha anayelikalia. Kitie kwenye bahasha, ibandike, mpe mkononi, usiseme neno. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya kochi aijuaye fundi. Miaka thelathini sijawahi kuivunja sheria hiyo.

Taratibu alipokata uzi wa ubavuni vikamwagika vidonge. Vyeupe, vidogo, vingine vimeyeyuka na kuganda kwenye sponji. Tulivihesabu themanini na sita.

"Mtu kalisha kochi dawa," alisema Taratibu.

"Ndiyo maana lina afya," nikasema, "tangu lizaliwe halijawahi hata kukohoa." Tukacheka mpaka nikakaa chini. Kisha tukavitia kwenye bahasha, nikaibandika, nikaandika juu yake "Mwalimu."

Jumanne, 16 Aprili

Nimeiandika.

Sikutaja jina. Niliandika "mkaaji mmoja." Nusu saa ilikwisha na kidole kilikuwa bado kinakimbia, na kwa mara ya kwanza sikuacha. Niliandika kwamba kochi hili halitaugua maishani mwake, kwamba kama daktari angelipima presha angelipa cheti. Binti yangu huwa anasema picha huvuta watu, basi nikaweka picha ya mkono wa kochi. Kidole kilisita kidogo juu ya kitufe cha kutuma. Nakiri hapa, maana hapa hakuna anayesoma: kilisita, na nikakisukuma.

Kabla ya jioni walikuwa wamesoma mia tatu.

Jumatano, 17 Aprili

Mia sita! Wateja wapya wanne, wote "blogu." Mmoja ameniuliza kama yule mla dawa ni jirani yake. Nimesema siri ya kazi, nikacheka kama mtu mwenye siri.

Alhamisi, 18 Aprili

Wengine watatu. Watatu wa kwanza, wanne wa jana, watatu wa leo: kumi. Nimeshinda, na Aprili haijaisha! Mwanangu amepiga simu mwenyewe. "Mama, nimesalimu amri." Taratibu amechemsha chai, amepiga chafya ndani ya birika, tumeinywa hivyo hivyo.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwalimu alikuja.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, mvua inapiga kama inadai kitu. Mwavuli alikuwa nao mkononi, hakuufungua. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye koti mpaka kwenye viatu. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Sijawahi maishani kunyimwa marahaba.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi lake. Lilikuwa uchi, fremu na kamba tu, kitambaa cha zamani kimekunjwa pembeni na alama ya pasi iko juu.

"Hili ndilo lililowachekesha watu mia sita?"

"Mwalimu, sikutaja jina."

"Hukutaja. Ulipiga picha alama ya pasi. Niliiweka mwenyewe, nikinyoosha shati la harusi ya binti yetu. Kuna nani kwenye ukoo wetu asiyeijua? Shemeji yangu aliiona, akamtumia mke wangu. Mke wangu akaisoma kwa sauti sebuleni kwa mwanangu, wakwe wapo, wajukuu wapo. Alidhani ni kichekesho cha mtu mwingine. Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Halafu akaifikia picha. Wakaacha kucheka, wakanitazama. Afadhali wangeendelea."

Taratibu alimletea stuli. Hakukaa.

"Fundi, unajua siku zangu zilivyo sasa? Naamshwa. Naambiwa nile nini. Chumvi nimenyang'anywa, gazeti nasomewa. Mimi niliyekuwa nikisema simameni, darasa zima linasimama. Vile vidonge vilikuwa vinanilaza. Nafungua kitabu asubuhi, naamka jioni kimeniangukia kifuani. Nilimwambia mke wangu. Nilimwambia daktari. Wote wakasema kunywa tu, Mwalimu. Basi nikawa napokea, nasema asante, akigeuka nasukuma pale ubavuni. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ninapoamua mimi, na upana wake ni huu."

Akanionyesha vidole viwili.

"Ungekuja na bahasha yako, ukanipa, ukaniambia, 'Mwalimu, acha mchezo, utakufa,' ningekusikia. Mumeo angefanya hivyo. Kochi hili alinishonea mara mbili, na mara zote mbili alinipa bahasha."

Macho yangu yakaenda kwenye rafu yenye bahasha.

"Nipe iliyo yangu."

Nilimpa. Aliigeuza, akaona imebandikwa vizuri, jina lake limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba niliibandika. Akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Na kochi?" akauliza Taratibu kwa sauti ya chini.

"Libaki. Mahali penye macho mia sita hapakaliki."

Akatoka na mwavuli wake ule ule, umefungwa. Nilimwangalia mpaka kona, kisha nikaenda nyuma kwenye marobota ya kitambaa nikalia. Nililia kwa aibu, siyo kwa huruma, na tofauti yake naijua. Miezi yote hii napigana na mwanangu kwa sababu anataka kuniamulia. Chumba chenye dirisha kubwa, Mama utapumzika, Mama umechoka. Nilifikiri mimi tu ndiye ninayesukumwa kwenye ubavu wa maisha yangu. Kumbe mwenzangu alikuwa amebakiwa na vidole viwili, na mimi nikavifungua mbele ya watu ili nipate wateja saba.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeifuta ile blogu. Kisha nimechukua daftari la mlangoni na rula, nikawapigia mstari wale saba walioletwa nayo. Wamebaki watatu.

Mke wa Mwalimu alipiga simu asubuhi, ananishukuru. Anasema daktari alikuwa karibu kumwongezea dozi, maana alidhani anameza na presha haishuki. "Umeniokolea mume." Sikujua niipokeeje. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na ni kweli. Lakini hapa kifo hakijafika. Aliyemuumbua mzee wa watu ni mimi, na nilimuumbua kwa kucheka.

Mwanangu naye: "Mama, kumi ni kumi. Mimi nimeshakubali."

"Ni watatu."

"Unajipiga mwenyewe?"

"Ninajirekebisha. Kama Mei itaisha hawajafika kumi, tandika hicho kitanda chako."

Akaniuliza kama nimekula, kisha akaaga.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekaa nusu saa. Nimeandika: "Leo sina la kusema." Nimetuma hivyo hivyo, kwa kuwa Jumanne ni Jumanne.

Jumanne, 30 Aprili

Nimeandika habari ya bahasha. Nimesema kuna sheria mbili katika karakana hii, ya kukaa na ya bahasha, na kwamba nimeivunja ya pili. Sikusema ni kochi gani wala kilitoka nini. Niliandika kwamba aliyelikalia alikuja kwa miguu kwenye mvua kudai kilicho chake, na kwamba nilimpa bahasha lakini cha ndani nilikuwa nimeshakigawa kwa watu. Sikuomba wanisamehe, wao si wenye kusamehe. Niliandika kwamba kuanzia leo blogu hii haitasema kinachotoka ndani ya kochi la mtu. Itasema mbao, springi, uzi na makosa yangu, na hayo yakiisha itanyamaza.

Ilipofika nusu saa niliacha. Sikuwa na furaha, lakini mkono ulikuwa mwepesi.

Binti yangu amesema blogu kama hii haileti mteja. Nikamwambia najua.

Jumanne, 7 Mei

Tumelimaliza kochi la kijani. Nililikalia mwenyewe ile nusu saa, kwa kuwa sheria ni sheria, lakini simu niliiacha mezani. Halikulia hata kidogo. Tumelifunika kwa nailoni.

Blogu ya leo niliiandikia kwenye kiti tulichomshonea daktari wa meno: jinsi nilivyokata kitambaa kinyume mwaka niliojifungua, na mume wangu akakishona hivyo hivyo asiniambie. Chini yake mtu anayejiita Msomaji ameacha maoni: "Aya ya pili ina maneno mengi kuliko mbao."

Nimeisoma upya. Ina maneno mengi.

Jumamosi, 11 Mei

Mama mwenye hoteli amerudi na shoga yake. Shoga mtu ameandika "blogu." Nimemuuliza ipi. "Ya bahasha," akasema. "Nina kochi ambalo nimekuwa naogopa kumpa fundi."

Jumanne, 14 Mei

Nimeandika juu ya gundi. Msomaji: "Mwisho mzuri. Mwanzo ufupishe."

Nani huyu?

Alhamisi, 16 Mei

Watu wawili katika siku moja, wote kwa ajili ya bahasha. Sikujua kwamba mji mzima una makochi ya kuogopa. Mmoja alinikabidhi lake akaniuliza mara tatu kama nitalivua mwenyewe. Nikamwambia nitalivua mwenyewe na mlango nitaufunga.

Mke wa Mwalimu alipita akielekea dukani. Daktari amembadilishia mzee dawa, hii mpya haimlazi. "Sasa anajimezea mwenyewe. Nikimkumbusha ananiambia nikae, nami nakaa." Kuhusu kochi hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Jumanne, 21 Mei

Mvua imepungua, inakuja mchana tu kama mgeni aliyekwisha kuaga. Nimeandika juu ya sauti ya kitambaa kizuri kinapochanwa. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kuna kitu nimekigundua leo: tangu Jumanne iliyopita sikuhesabu waliosoma. Nikiandika simwoni mtu ila huyu Msomaji na kalamu yake nyekundu, namtengenezea sentensi kama ninavyomtengenezea mteja mkorofi mshono, mara mbili, ili asipate pa kushika.

Na daftari hili nimelisahau siku tano.

Jumamosi, 25 Mei

Wawili zaidi, mtu na mdogo wake. Wanane.

Jumanne, 28 Mei

Ya kumi na mbili, ya mwisho kwa mujibu wa mapatano. Niliandika juu ya karakana asubuhi kabla ya kufungua, nikiwa mimi na makochi ya watu, kila moja na bahasha yake. Msomaji hakurekebisha kitu. Ameandika: "Imesomeka."

Mchana akaja mtu wa stoo ya vitabu. "Blogu." Tisa.

Taratibu alikuja na kofia mkononi, jambo ambalo hafanyi hata msibani. "Mama, niandike mimi. Wa kumi. Nilisikia kwenye blogu."

"Una miaka ishirini na sita hapa ndani."

"Basi nimechelewa kujiandikisha."

Nilicheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja yakakataa kuondoka. Nikamwambia hapana. Nilikwisha kushinda mara moja kwa njia mbaya, sirudii. Kama ni kwenda nitakwenda, na kule kwenye dirisha kubwa nitakuwa na Jumanne. Hilo hawaninyang'anyi. Lakini niseme ukweli: sitaki kwenda. Sitaki kabisa. Nimepapasa kila meza leo kama mtu anayeaga watoto.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Hakuna aliyekuja.

Ijumaa, 31 Mei

Mpaka saa tisa alasiri mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu. Mwanangu alikuwa amesema atapiga simu saa kumi. Taratibu alikuwa anapiga randa ubao ambao haukuhitaji randa.

Kisha mkokoteni ukasimama nje. Juu yake kochi la mtu mmoja, la rangi ya udongo, na pembeni yake Mwalimu, amevaa koti lile lile, kavu.

Nilisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi." Akaingia, akavua miwani, akaifuta. "Na ile ya Aprili, marahaba pia."

Nilitaka kusema niliyokuwa nimeyapanga mwezi mzima, akaninyamazisha kwa kiganja, kama darasani. Akaenda kwenye kochi la kijani, akalivua nailoni mwenyewe, akakaa. Taratibu akaacha randa. Mwalimu akatia vidole viwili ubavuni, polepole, akapima. Nilikuwa nimeliacha pengo lile lile, upana ule ule. Taratibu alitaka kuliziba, nikamkataza.

"Hukupaziba," akasema.

"Si pangu."

Alikaa nusu saa. Kweli, alitazama saa ya ukutani na akakaa nusu saa kamili, sisi tumesimama kama wanafunzi. Kisha akainuka, akaonyesha lile kochi la nje.

"Hilo ni la mke wangu. Lina miaka kumi na tisa, halijavuliwa. Naye ana haki ya pahali pake pa kufichia." Akanikazia macho. "Bahasha umpe yeye mkononi. Mimi hata nikikuomba, usinipe."

"Sitakupa, Mwalimu."

"Hata nikikubembeleza."

"Hata ukilia."

Ndipo akacheka. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni, akaliona daftari na kalamu yake iliyofungwa uzi. "Hapa ndipo tunapojiandikisha?" Nikasema ni kwa wateja wapya tu, na yeye ni wa zamani.

"Wa mume wako ni wa zamani," akajibu. "Wako nimeanza leo."

Akainama akaandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni. Aliondoka na kochi la kijani kwenye mkokoteni, amelishika mkono wa kulia njia nzima.

Simu ya mwanangu iliita saa kumi kamili. Ilikuwa mikononi mwangu, na mimi bado nimesimama mlangoni nasoma. Chini ya "Jina" alikuwa ameandika: Msomaji. Na chini ya "Ulitusikia wapi?": Kwenye blogu. Nilijisoma.